MAISHA YA IMAMU NAWAWI NA KUDUMU KWAKE KATIKA KAZI

Sifa zote njema zina Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, watu wengi huanza kazi kwa hima kubwa, na wachache huifikisha mwisho. Fundi hufungua duka lake alfajiri mwezi wa kwanza. Hata ukifika mwezi wa tatu, jua limekwisha panda naye bado yumo kitandani. Karani huandika kurasa kumi za mwanzo za daftari kwa hati nzuri, na zilizobaki hazisomeki. Mwanafunzi hununua kitabu, akakitia jalada, akasoma mlango wa tohara, kisha kitabu kikawa chakula cha mchwa. Watu hawa hamu walikuwa nayo. Walichokikosa ni kitu cha kuwashika siku ile ambayo hamu imewatoka, na siku hiyo haina budi kumfikia kila mtu.

Katika wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, Mungu amridhie, yuko mmoja ambaye maisha yake yanakionyesha kitu hicho waziwazi. Huyo ni Imamu Muhyiddin Yahya bin Sharaf Nawawi. Watu wa pwani hii wanalijua jina lake tokea utoto, kwani Hadithi Arubaini alizozikusanya husomeshwa watoto, Riyadh Salihin husomwa misikitini, na Minhaj ndicho kitabu walichokitegemea makadhi wa Unguja, Mombasa na Lamu katika hukumu zao. Lakini wengi wanaovisoma vitabu hivyo hawajui kuwa mwenye kuvitunga aliishi miaka 45 tu, tena kwa hisabu ya mwezi, na kuwa alianza kusoma ilimu za juu akiwa na umri wa miaka 19. Basi inafaa kujua vipi mtu huyu aliupata wakati.

KUZALIWA KWAKE NA UDOGO WAKE

Alizaliwa katika mwezi wa Muharram mwaka 631 H. (1233) katika mji mdogo wa Nawa, katika nchi ya Hauran, kusini ya Dimishqi, mji mkuu wa Sham. Baba yake alikuwa mtu mwema mwenye duka, wala hakuwa katika matajiri wala katika watu wa vyeo.

Mtoto huyu hakupenda mchezo. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, mtu mmoja mchaji Mungu aitwaye Sheikh Yasin Marrakushi alipita Nawa akawaona watoto wanamlazimisha kucheza nao, naye anawakimbia huku analia na kusoma Qur-ani. Sheikh Yasin akamwendea mwalimu wa chuo, akamwusia juu ya mtoto yule, na mwalimu akamwambia baba yake. Baba akaushika wasia ule mpaka mwanawe akahitimu Qur-ani karibu na kubaleghe.

Katika miaka hiyo baba yake alimweka dukani. Wanunuzi waliingia na kutoka, bei zikasemwa na vitu vikapimwa, na kijana hakuiacha Qur-ani yake kwa ajili ya biashara. Hili ni jambo la kutazamwa. Wako watu wanaosema kuwa wangalisoma au wangalifanya kazi njema lau wangalipata mahali pa kimya na wakati mtupu. Nawawi hakuungoja ukimya. Alianza katika zogo la duka, na alipoupata ukimya baadaye, ulimkuta amekwisha zowea.

KWENDA KWAKE DIMISHQI

Mwaka 649 H. (1251) baba yake alimpeleka Dimishqi. Mji ule wakati huo ulikuwa umejaa madrasa na maulamaa. Yeye alikuwa na miaka 19, kijana wa shamba aliyekuja mjini bila ya jamaa wa kumtukuza. Akapata chumba katika Madrasa ya Rawahiyya, na chakula chake kilikuwa ule mkate waliokuwa wakigaiwa wanafunzi, si zaidi.

Akaanza na kitabu cha Tanbih cha Sheikh Abu Ishaq Shirazi, akakihifadhi kwa moyo kwa kiasi cha miezi minne na nusu. Katika miezi iliyobaki ya mwaka ule akahifadhi robo ya ibada katika Muhadhdhab, nacho ni kitabu kikubwa zaidi cha Sheikh huyo huyo. Mwalimu wake, Sheikh Kamaluddin Ishaq Maghribi, alistaajabu kwa bidii yake na kwa vile alivyojitenga na mazungumzo ya watu, akampenda sana, akamfanya ndiye wa kuwarudishia wenziwe darsa baada ya mwalimu kumaliza.

Mwaka 651 H. alikwenda Hija pamoja na baba yake. Tangu walipotoka Nawa homa ilimshika, wala haikumwacha mpaka siku ya Arafa. Baba yake alisimulia baadaye kuwa katika muda wote ule hakumsikia kuugua wala kulalamika. Aliporudi Dimishqi alizidi bidii kuliko kabla, na watu wakaona kuwa ile safari haikumpa kisingizio cha kupumzika.

DARSA KUMI NA MBILI

Hapa ndipo penye siri ya mtu huyu. Mwanafunzi wake mkubwa, Ibnul Attar, aliyeandika maisha yake, ametaja kuwa kila siku alikuwa akisoma darsa kumi na mbili mbele ya walimu wake, kwa kueleza na kusahihisha. Darsa mbili zilikuwa katika Wasit ya Imamu Ghazali, moja katika Muhadhdhab, moja katika mkusanyo wa Sahihi mbili, na moja katika Sahihi ya Muslim. Kisha nahau, lugha na sarfu, kila moja kwa darsa yake. Kisha usuli za fiqhi, na majina ya wapokezi wa Hadithi, na usuli za dini. Na katika kila darsa aliandika pembeni ya kitabu yale yaliyokuwa magumu, na maneno yenye kutaka kufasiriwa, na matamko yenye kutaka kudhibitiwa.

Mtu akitazama hesabu hii hustaajabia wingi wake. Kinachostahili kustaajabiwa zaidi ni mpango wake. Kila darsa ilikuwa na kitabu chake kilichojulikana, mwalimu wake aliyejulikana, na saa yake. Asubuhi hakuamka akajiuliza leo afanye nini, wala hakuutaka moyo wake ushauri. Siku yake ilikwisha pangwa kabla hajaamka. Mwenye kuushauri moyo wake kila asubuhi, siku nyingi ataambiwa alale. Na mwenye kazi iliyokwisha pangwa, hata akiamka na uzito, miguu yake inajua inakokwenda.

Hata njiani alipokuwa akienda na kurudi alikuwa akirejea yale aliyoyahifadhi. Alikaa kiasi cha miaka miwili haulazi ubavu wake chini. Usingizi ukimshinda huegemea vitabu vyake kwa muda mdogo kisha huzinduka. Alikuwa akila mara moja kwa siku baada ya Isha, na akinywa mara moja wakati wa daku. Hakuoa. Matunda ya Dimishqi, nayo ni mashuhuri, hakuyala, kwa kuwa mashamba mengi ya mji ule yalikuwa ya wakfu na mali za mayatima, na alitia shaka katika namna yalivyokuwa yakiendeshwa.

KITABU CHA TIBA

Katika siku hizo za masomo ilimpitikia kusoma na tiba pia. Akakinunua kitabu cha Qanun cha Ibnu Sina, akaazimia kukishughulikia. Mara moyo wake ukaingia giza, akakaa siku kadha wa kadha hawezi kufanya lolote. Akafikiri ni wapi lilipomwingilia jambo hili, hata akatambua kuwa limetokana na kujitia katika ilimu ile. Papo hapo akakiuza kitabu, akaitoa nyumbani mwake kila kitu kilichohusu tiba, na moyo wake ukarejea kama ulivyokuwa.

Asidhani mtu kuwa Imamu aliidharau tiba. Yeye mwenyewe ameihisabu katika vitabu vyake kuwa ni miongoni mwa faradhi za kutosheleza, ambazo mji ukikosa mwenye kuzijua watu wote wa mji huo huingia katika lawama. Lakini si kila jambo jema ni kazi ya kila mtu. Alikuwa na darsa kumi na mbili, na ile ya kumi na tatu ilitaka kuziangusha zote. Wangapi leo wameacha kazi waliyoijua kwa sababu ya kazi nyingine iliyong'aa kwa mbali! Fundi seremala husikia faida ya samaki akauza randa na msumeno, na mwenye jahazi husikia faida ya duka akauza jahazi. Nawawi alipoona kuwa kazi yake ya asili inaharibika, hakuliona haya jambo la kurudi nyuma. Alikiuza kitabu.

ZAMA ZA FITINA

Wala asidhani mtu kuwa aliyafanya haya katika siku za raha. Mwaka 656 H. (1258) Matatari waliuvunja mji wa Baghdad na kumwua Khalifa. Mwaka 658 H. (1260) wakaingia Dimishqi kwenyewe, na Nawawi ana umri wa miaka 27. Katika Ramadhani ya mwaka huo majeshi ya Misri yaliwashinda Matatari katika vita vya Ain Jalut, na Sham ikarudi mikononi mwa Waislamu. Baada ya hapo zikaja kodi za vita, na njaa, na udhia wa kila namna. Lau angalingoja dunia itulie ndipo aanze kutunga, asingalitunga hata kitabu kimoja.

VITABU VYAKE

Alianza kutunga yapata mwaka 660 H., akafa mwaka 676 H. Muda wa kutunga kwake basi haukupita miaka kumi na sita hivi, na ndani yake mna kazi ambayo kundi la watu lingeona taabu kuifanya. Aliisherehesha Sahihi ya Muslim. Aliandika Tibyan katika adabu za wenye kuichukua Qur-ani, na Tahdhib katika majina ya watu na maneno ya lugha. Adhkar alikimaliza mwaka 667 H., Arubaini mwaka 668 H., Raudha na Minhaj mwaka 669 H., na Riyadh Salihin mwaka 670 H. Kisha kuna Majmuu, sherehe ya Muhadhdhab, kitabu kikubwa kuliko vyote, ambacho mauti yalimkuta amefika katika milango ya biashara.

Viangaliwe hivi vitabu na zile darsa. Aliisoma Muhadhdhab kila siku alipokuwa mwanafunzi, kisha akaisherehesha. Aliisoma Sahihi ya Muslim kila siku, kisha akaisherehesha. Alisoma majina ya wapokezi kila siku, kisha akayaandikia kitabu. Yale aliyokuwa akiyaandika pembeni ya kurasa, haba na haba, ndiyo yaliyokuja kuwa majuzuu. Kitabu hakikushuka kwake siku moja. Alikuwa akikiweka akiba tangu ujana wake bila ya watu kujua.

Na jambo jingine ni kuwa hakuipenda kazi yake kwa kuwa ni yake. Alimwamrisha Ibnul Attar achukue madaftari yapata elfu moja aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe, ahakikishe yanaoshwa wino kwa mwuza karatasi, akamwonya asikhalifu. Ibnul Attar alitii, na majuto yakabaki moyoni mwake. Lakini mwalimu wake aliona kuwa kilichoandikwa si lazima kitolewe kwa watu, na kuwa mwenye kazi ndiye wa kwanza kuikagua.

DARUL HADITH NA MSHAHARA WAKE

Mwaka 665 H. (1267) alikufa Sheikh Abu Shama, mkuu wa Darul Hadith Ashrafiyya katika mji wa Dimishqi. Cheo hicho kilikuwa kimekaliwa kabla yake na Ibnus Salah, na kila mwanachuoni wa Hadithi alikitazama kwa heshima. Akawekwa Nawawi, na umri wake miaka 34, akadumu nacho mpaka kufa kwake.

Cheo kilikuwa na mshahara, naye hakuutia mfukoni. Uliachwa kwa msimamizi wa wakfu, na fedha zikikusanyika hununuliwa milki au vitabu, vikawekwa wakfu kwa madrasa ile ile. Chakula chake kililetwa na wazazi wake kutoka Nawa, na nguo zake zilikuwa kama za watu wa kawaida wa shamba. Hii haina maana kuwa kupokea mshahara ni kosa, kwani maulamaa wengi wema waliupokea, na katika Riyadh Salihin yeye mwenyewe ameweka mlango wa kuhimiza mtu ale kwa kazi ya mkono wake. Maana yake ni kuwa hakuifanya kazi ikamngoja mshahara. Mshahara ungekatwa, darsa isingekatika.

MBELE YA SULTANI

Faida ya jambo hili ilionekana siku ya shida. Mtawala wa Misri na Sham wakati huo alikuwa Sultani Dhahir Baibars, mtu shujaa aliyepigana na Matatari na Wafaranja, na hakuna aliyependa kuikabili hasira yake. Ukame uliwapata watu wa Sham, mazao yakapungua na wanyama wakafa, nao wakabaki na mizigo ya serikali. Tena mashamba ya Dimishqi yakazuiliwa kwa madai kuwa wenyewe hawana hati za kuthibitisha milki yao. Nawawi akamwandikia Sultani, pamoja na maulamaa wengine, akamtaka awahurumie raia. Jawabu likaja kali, lenye makemeo. Akaandika tena kwa adabu na bila ya hofu, akaeleza kuwa vitisho havimzuii kutoa nasaha iliyomlazimu, na kuwa mali iliyo mkononi mwa mtu haitolewi mkononi mwake wala hatakiwi ushahidi kwayo.

Ni kitu gani angalinyang'anywa? Mshahara haupokei. Nyumba hana. Chakula chake ni mkate wa mama yake. Mtu wa haja chache ni mzito kumtisha. Wengi huharibika katika kazi zao kwa sababu wamezifunga haja zao kwa mwajiri au kwa mkubwa, hata wakiona jambo baya katika daftari au katika mizani hunyamaza. Nidhamu ya Nawawi katika kula na kuvaa, ambayo watu waliiona ni ukali juu ya nafsi, siku ile ilikuwa ngao ya wenye mashamba.

KUFA KWAKE

Mwaka 676 H. alivirudisha vitabu vyote vya wakfu alivyokuwa ameviazima. Akayazuru makaburi ya masheikh zake akawaombea, akawaaga rafiki zake waliokuwa hai, akaenda Baitul Muqaddas na Khalil kuzuru, kisha akarudi Nawa katika nyumba ya baba yake. Huko akaugua, akafa usiku wa tarehe 24 Rajab (Desemba 1277). Sultani Baibars alikuwa amekufa mwanzoni mwa mwaka ule ule. Khabari ilipofika Dimishqi mji uliingia huzuni, na kadhi mkuu akatoka na jamaa ya watu wakaenda Nawa kumsalia kaburini.

Majmuu ilibaki haijesha. Baadaye Imamu Taqiyuddin Subki, ambaye naye ni katika wakubwa wa madhehebu, akashika kalamu aikamilishe, akaandika majuzuu kadha, naye akafa kabla ya kufika mwisho. Na Minhaj ikashereheshwa na Mahalli, na Ibnu Hajar katika Tuhfa, na Ramli katika Nihaya, na Khatib Shirbini katika Mughni, ikavuka bahari ikafika pwani hii na bara Hindi na Jawa. Mtu aliyekufa bila ya mke wala mtoto wala nyumba amebaki katika darsa za watu kwa zaidi ya miaka mia saba.

MAZINGATIO

Mwenye kuyasoma maisha haya asitoke akaazimia leo asile ila mara moja na asilale ila kwa kuegemea. Huo nao ni moto wa majani makavu. Imamu hakuwa na mke wala watoto wenye haki juu yake, na wewe unao. Na yeye mwenyewe hakuwaamrisha watu hayo. Katika Riyadh Salihin ameweka mlango wa kwenda kwa kiasi katika ibada, na mara baada yake ameweka mlango wa kudumu juu ya amali, kama kwamba anamwonyesha msomaji kuwa wa kwanza ndio ufunguo wa wa pili. Asiyekwenda kwa kiasi hadumu.

La kumwiga ni haya. Kwanza, aliijua nia yake. Na kwa hiyo Arubaini na Riyadh Salihin zote mbili amezifungua kwa Hadithi ya nia. Mwenye kujua anamfanyia nani kazi, hamwangalii aliyepo na asiyekuwapo. Pili, kila kazi aliipa saa yake, akaifuata hamu ikiwapo na isipokuwapo. Tatu, jambo lililoiharibu kazi yake alilitoa nyumbani, ijapokuwa lilikuwa jema. Nne, alizipunguza haja zake, na kwa hiyo ulimi wake ukawa huru.

Basi mwenye duka na ashike saa moja ya kufungua na asiivunje, ijapokuwa siku hiyo mnunuzi hakuja. Fundi na amalize kiti cha jana kabla ya kupokea fedha ya kiti cha kesho. Karani na aandike mstari wa mwisho wa daftari kwa hati ile ile ya mstari wa kwanza. Mwalimu na aingie darsani, wanafunzi wawe ishirini au wawili. Lililo dogo likishikwa kila siku hukua bila ya mwenyewe kujua, kama zile khati za pembeni ya kitabu katika chumba cha Rawahiyya.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Nawawi, atunufaishe kwa ilimu yake, na atujaalie katika wenye kudumu. Amin.